Kabla ya kuvuka Horohoro na nduguyo

Sisi watu wa Malindi tukienda Tanga, upande wa Tanzania, hufungasha kama tunaokwenda Kilifi. Lugha ni ile ile, samaki ni yule yule, adhana ni ile ile, na ukikaa kibarazani nusu saa hukosi mtu anayemjua shangazi yako. Ndiyo maana mwenye safari ya Ulaya hujiandaa miezi, na mwenye safari ya Tanga hujiandaa usiku wa kuamkia siku ya safari. Mimi nilikwenda na mdogo wangu wa kiume, siku nne za mwezi wa Agosti, pesa zikiwa za kuhesabu. Karibu kila kilichotukwaza kilikuwa kitu tulichokidhania ni sawa na cha kwetu.

Anza na pasipoti, tena mapema. Kitambulisho cha taifa kitakuvusha hadi Uganda na Rwanda kwa mapatano ya nchi hizo ya 2014, lakini Tanzania haimo. Huko unatakiwa pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria ambayo uhamiaji huwapa wasio na pasipoti. Viza huhitaji: raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hugongewa muhuri wa hadi siku 90 bila kulipa. Wiki tatu kabla, kaeni nyote wawili mezani mzifungue pasipoti zenu ukurasa kwa ukurasa. Usikubali kuambiwa "yangu iko sawa, dada". Ya mdogo wangu ilikuwa sawa kweli, ila iliwahi kufuliwa ndani ya suruali ya jinzi, na ukurasa wa picha ulikuwa umefura kama mkate uliochovywa chai. Ilimbidi aombe nyingine. Na kama nduguyo hajatimiza miaka 18, beba cheti chake cha kuzaliwa, barua ya ruhusa ya wazazi iliyotiwa saini na nakala za vitambulisho vyao, kwa sababu kuwa dada yake si kuwa mzazi wake.

Kisha chanjo ya homa ya manjano, na hapa ndipo wengi hukwama. Kenya imo katika orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo Tanzania ina haki ya kukudai cheti ukitokea huku. Cheti ni kile kijitabu cha manjano. Chanjo yenyewe haichomwi kila zahanati, huchomwa katika vituo vilivyoidhinishwa, basi uliza mapema kilichoko karibu nawe. Cheti huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano. Anayechomwa Ijumaa asafiri Jumapili amepoteza pesa na bega linamuuma. Uzuri wake ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo moja inatosha maisha, hata kama kijitabu chako cha zamani kimeandikwa mwisho wake baada ya miaka 10. Mjamzito, mwenye mzio wa mayai na aliyepita miaka 60 wazungumze na daktari kwanza. Kijitabu kikipatikana, kibane ndani ya pasipoti kwa mpira. Mimi nilikiacha changu kabatini safari yangu ya kwanza, miaka iliyopita, na basi zima lilinisubiri nikijieleza. Macho ya abiria 40 wenye njaa siyasahau.

Mpaka wenyewe si mgumu. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, mnavuka feri ya Likoni, mnashika njia ya Kwale kusini hadi Lunga Lunga, ambako ng'ambo yake, upande wa Tanzania, ndiyo Horohoro. Madawati ya nchi mbili yako chini ya paa moja: Kenya inakugongea muhuri wa kutoka, hatua chache mbele Tanzania inakugongea wa kuingia. Ukiulizwa unakwenda kufanya nini, na unakwenda kutembea, jibu "matembezi" ukome hapo. Mdogo wangu, kwa kupenda kujikuza, alianza kueleza kuwa anataka "kuangalia angalia biashara". Nilimkanyaga mguu. Biashara ina kibali chake na ada zake, na afisa hana kazi ya kupambanua maringo ya kijana na nia yake. Kabla hujaondoka dirishani, soma muhuri: tarehe ya leo na idadi ya siku. Ni rahisi kurekebishwa ukiwa bado umesimama pale.

Sasa mkoba. Kabla ya kuufunga, muulize nduguyo ana nini ndani, na usione haya kupekua. Kwetu miraa inauzwa mchana kweupe na serikali inaihesabu kuwa zao. Ukishavuka inaitwa mirungi, nayo kisheria ni dawa za kulevya, moja kwa moja, hakuna cha kitita kidogo wala cha matumizi yangu mwenyewe. Rafiki wa mdogo wangu alimtilia fungu ndani ya gazeti "la kukeshea njiani". Nililikuta asubuhi ya safari nilipokuwa natafuta chaja. Sikugombana naye sana, lakini tangu siku hiyo hapandi basi nami kabla sijaona mkoba wake.

Kuna na mizigo ya watu. Habari ya safari ikishatoka, jirani ataleta boksi la nduguye aliyeko Ngamiani, mtaa wa Tanga, mama mdogo ataleta bahasha, na mtu usiyemjua vizuri ataleta dumu limefungwa kwa gundi. Kukataa ni kazi, hasa mbele ya mama. Sisi tulikubaliana jibu moja mapema: tunabeba kinachofunguliwa mbele yetu kisha tukafunga wenyewe. Dumu halikurudi tena. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, maana Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, kama sisi tulivyofanya Agosti 2017. Dawa unazotumia zibaki katika pakiti zake. Plagi ya miguu mitatu ya kwetu inatumika kule vile vile, msinunue adapta.

Pesa ndiyo itakayowagombanisha. Shilingi moja ya Kenya imekuwa kati ya 15 na 21 za Tanzania miaka hii ya karibuni. Sisi tulihesabu kwa 19. Zoeeni kugawanya kichwani kabla ya kufika, la sivyo mtatia watu aibu. Tulishuka stendi, dereva wa bajaji (tuktuk kwao ni bajaji) akasema elfu tatu, na mdogo wangu akapiga ukelele, "Elfu tatu! Unatupeleka Nairobi?" Ni kama 160 za kwetu. Kuna na hatari ya upande wa pili: ukishika noti nyekundu za elfu kumi kumi unajiona tajiri, na elfu kumi ni 500 na kidogo tu. Buku ni elfu moja. Ukisikia "buku mbili", usitafute maktaba.

Tulitenga shilingi 28,000 kwa wawili: 24,000 za kutumia, yaani kama 456,000 za kule, na 4,000 za dharura. Tukaweka mfuko wa pamoja, mshikaji mmoja, na kidaftari. Mshikaji si lazima awe mkubwa. Awe yule asiyeona haya kuuliza chenji. Kwetu alikuwa mdogo wangu, na nakiri alinishinda. Vya mtu binafsi, yaani soda ya tatu, khanga ya kupelekea rafiki, kofia, vinatoka mfukoni mwake mwenyewe. Jambo hili lisemwe Malindi, lisingoje kusemwa barabarani huku mmoja keshanuna.

Mpakani watakuja vijana na mabunda ya noti na kikokotoo mkononi. Badilisheni kiasi cha nauli ya kufika Tanga na chakula, mhesabu wenyewe noti moja moja, kiasi kikubwa kiacheni kwa benki au duka la kubadilishia fedha mjini. Usitegemee kulipa kwa shilingi za Kenya wala dola: kanuni za Tanzania za 2025 zimekataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni. Na M-Pesa isikudanganye kwa jina. Ya kule ni ya kampuni nyingine, na wakala wa Tanga hawezi kukutolea pesa za laini ya Kenya. Unaweza kutuma kutoka M-Pesa yako kwenda namba ya Tanzania, lakini uwe umewasha rominga kabla ya kutoka na uwe na mtu wa kumtumia. Kununua laini kule kunataka pasipoti na alama za vidole. Kwa siku nne hatukuona faida. Tulimpigia mama kwa wai-fai ya mkahawa, kila magharibi, na hilo nalo lipangeni. Mama asiyepigiwa saa aliyoahidiwa huanza kupigia ukoo mzima.

Malazi nitayasema kwa urefu, kwa sababu hili hakuna aliyetwambia. Bajeti yetu ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Tukaingia gesti ya kwanza, safi, feni inazunguka, shilingi 25,000 kwa usiku. Dada wa mapokezi akatusukumia kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Kwenye kabila mdogo wangu akaandika "Mmalindi", akaambiwa hilo si kabila, wakabishana kwa ucheshi. Kisha dada akasoma majina yetu. Mimi na mdogo wangu ni tumbo moja, baba mbalimbali, kwa hiyo jina la mwisho kila mtu ana lake. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akasema kwa upole kabisa:

"Samahani dada, mwanamume na mwanamke chumba kimoja, naomba cheti cha ndoa."

"Huyu ni mdogo wangu."

"Nakuelewa dada yangu. Kila siku wanakuja wadogo."

Mdogo wangu alicheka hadi akakaa chini. Mimi sikucheka, maana vyumba viwili kwa usiku tatu vilituongezea 75,000, karibu 4,000 za kwetu, na dharura yetu ikaishia hapo siku ya kwanza. Wala sikumlaumu yule dada. Nyumba yake, heshima yake. Ila ningejua, ningebeba nakala za vyeti vya kuzaliwa vyenye jina la mama, au ningepiga simu kabla niulize. Ndugu wawili wa kike au wawili wa kiume hawana tatizo hili. Kaka na dada, hesabuni vyumba viwili tangu nyumbani, na chumba kimoja mkikipata kiwe bahati.

Lugha, ndiyo, lugha. Kiswahili chetu kinaeleweka, lakini masikio ya kule huusikia ukali ambao sisi hatuusikii. "Nipe chai" ya Malindi ni amri. Kule ni "naomba chai". Mkubwa anaamkiwa shikamoo, na bei haiulizwi kabla ya habari za asubuhi. Nilimwambia mdogo wangu aseme "naomba" na "samahani" mpaka achoke, na bei zikashuka bila kubishana. Krediti ya simu waiita vocha.

Msimu usikupe kazi kubwa: epuka Aprili na Mei, mvua za masika zinaharibu matembezi, na kama mnakwenda Ramadhani jueni kuwa mchana migahawa mingi imefungwa, kama kwetu.

Mkitaka pa kutembea kwa pesa kidogo, mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, kwenye njia ile ile mliyojia. Vaeni viatu vya kufunika vidole na mbebe tochi ya kweli, si ya simu inayokaribia kuzima. Ndani kuna giza, utelezi na popo. Beba pasipoti hata huko, kwani sehemu nyingi za vivutio Tanzania zina bei moja ya raia, nyingine ya watu wa Afrika Mashariki, nyingine ya wageni wa mbali, na asiyeonyesha hati hulipishwa kubwa. Kusini, njia ya Pangani, kuna Tongoni, magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Mtu wa Malindi atayatazama kwa jicho la nyumbani. Vasco da Gama, yule mwenye nguzo kwetu, alipotoka Malindi Januari 1499 kurudi kwao alifika maji ya upande huo na mabaharia wengi wamekwisha kufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga. Akaichoma meli moja, São Rafael, kwa kuwa watu waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Mdogo wangu akaniuliza mbona hawakubeba ndimu.

Ya kurudi yapange kabla ya kwenda. Shilingi za Tanzania zimalizeni au mzibadilishe kabla ya mpaka, na muhuri wa kutoka uwe umegongwa kabla hujakimbilia basi. Kila mmoja aweke 1,500 za Kenya mahali asipogusa, nje ya mfuko wa pamoja. Basi huchelewa, feri ina foleni, mkifika Mombasa ni saa tatu usiku na duka la kubadilisha limefungwa, na makanga wa matatu ya mwisho ya Malindi hataki kusikia habari za wekundu wako wa elfu kumi. Zangu niliziweka ndani ya soksi ya kulia. Za mdogo wangu zilikuwa zimekwisha Tanga, kwa kofia.