Kabla ya Kutia Moto Mabua: Moshi wa Shambani na Angahewa

Kuanzia Agosti hadi Oktoba, mkulima wa mahindi wa Nyanda za Juu Kusini huuza alichovuna huku akiandaa shamba kabla ya mvua za Novemba. Kwa wengi, kuandaa shamba ni kukusanya mabua na kuyatia moto, kwa kuwa kazi ya siku tatu huisha kwa saa moja.

Anayeishi bondeni atakuwa ameona kwamba moshi wa jioni haupandi. Usiku usio na mawingu ardhi hupoa upesi na kuipoza hewa iliyo karibu nayo, ilhali hewa yenye joto zaidi hubaki juu kama mfuniko wa chungu. Moshi hulala chini ya mfuniko huo, katikati ya nyumba, hadi jua la saa tatu au nne asubuhi liipashe ardhi joto. Chembe zake ni laini kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na watoto, wazee na wenye pumu ndio huumia zaidi.

Wapo wanaosema kwamba bua lilijengwa kwa hewa ukaa iliyotoka angani, hivyo likiungua hurudisha kilekile, na mahindi ya msimu ujao yatakinyonya tena. Hoja hiyo si ya kubezwa. Kwa hewa ukaa peke yake, inakaribia ukweli. Lakini mabua, hasa yenye unyevu, hufuka kuliko yanavyowaka, na moshi wake hubeba pia masizi, methani na oksidi ya nitrasi. Kwa kipimo cha miaka 100, kilo moja ya methani hupasha dunia joto takriban mara 28 ya kilo moja ya hewa ukaa, na oksidi ya nitrasi takriban mara 270. Naitrojeni na oksijeni, ambazo ni karibu asilimia 99 ya hewa kavu, huliachia joto la ardhi lipite. Gesi hizi chache ndizo hulizuia.

Hasara iliyo karibu zaidi ni ya shamba lenyewe. Tani 3 za mabua makavu huwa na naitrojeni ya takriban kilo 20, si mbali na kilo 23 zilizomo katika mfuko wa urea wa kilo 50, na moto huipeperusha karibu yote. Jivu huacha potasiamu, ndiyo maana mimea huweza kuchangamka mwanzoni, lakini upepo na mvua ya kwanza hulizoa.

Ni kweli kwamba moto huua funza wa mabua wanaojificha ndani ya mashina. Dawa mbadala ni kukata mabua mapema na kuyalaza wazi juani kwa wiki kadhaa, ili joto na ukavu viwamalize, kisha kuyatandaza kati ya mistari. Yasifukiwe yakiwa makavu karibu na wakati wa kupanda, kwa sababu vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mahindi machanga naitrojeni, na majani hugeuka manjano. Wakulima wengi waliokata tamaa na matandazo waliponzwa na kosa hilo.

Mabua yaliyozidi yakatwe vipande vya urefu wa kiganja, yapangwe kwa tabaka pamoja na samadi na majani mabichi, na kunyunyiziwa maji. Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo: baada ya wiki moja, kikitoka cha moto na chenye unyevu, mboji inaiva, kikitoka kikavu, ongeza maji, kikitoka baridi na kunuka uvundo, ligeuze lundo lipate hewa.

Limebaki suala la mifugo, ambalo kwa maoni yangu ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa vijiji vingi huhesabu shamba lililovunwa kuwa malisho ya wote. Mzungumze na wafugaji kabla ya kuvuna, kupitia serikali ya kijiji, mkubaliane siku za kuingiza ng'ombe na siku za kuwatoa, ili mvua ikianza angalau asilimia 30 ya ardhi iwe bado imefunikwa.