Shokapu mpya za MX-5: usimalizie kukaza gari likiwa juu ya jeki

Kama una Mazda MX-5 ya zamani (gari dogo la viti viwili lenye paa la kukunja), ile ya 1989 hadi 1997, shokapu na springi mpya unaweza kuziweka mwenyewe nyumbani. Ila kuna hatua ambayo wengi huiruka. Bolti zinazopita katikati ya bushi (vipande vya mpira) za mikono inayoshikilia magurudumu, ziache zimekazwa nusu. Shusha gari likanyage chini, lisukume mbele na nyuma kidogo, ndipo ukaze kabisa. Ukizikaza gari likiwa juu, mpira wa bushi unashikwa hapo hapo, na gari likishuka unabaki umesokotwa muda wote. Ongeza matuta na mashimo ya Nairobi, mpira utapasuka mapema na utarudi Kirinyaga Road kutafuta bushi nyingine.

Springi ibanwe kwa kibanio chake, si waya wala kamba. Tafadhali sana: ikifyatuka inaweza kuua. Na usilishushe gari kupita kiasi kwa springi fupi. Sentimita mbili zinatosha kulipendezesha, zaidi ya hapo tumbo litakwaruza kila tuta la mtaani. Ukimaliza, lipeleke alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu.

Kwa upande wa sura, anzia kwenye paa la turubai kabla ya kuwaza rangi. Lioshe kwa brashi laini na sabuni isiyo kali, kisha uzibue vitundu vya maji vilivyo nyuma ya viti kabla ya mvua za Machi. Vikiziba, maji yanatuama na kuozesha bodi chini ya milango, na kutu hiyo hakuna polishi ya kuiondoa.