Kupima woga wa pono kwenye miamba ya Tanga

Vijana niliokuwa nawaelekeza hapa Sahare walitaka kujua mwamba upi unasumbuliwa zaidi na wavuvi. Waulizeni samaki, nikawaambia. Pono, samaki wa miambani mwenye mdomo kama wa kasuku, akizoea kusakwa kwa mkuki humkimbia mtu angali mbali. Palipolindwa kweli, humwacha asogee. Basi tunachopima ni umbali kati ya mtu na samaki pale samaki anapoanza kukimbia.

Hatua ya 1: Siku. Maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala kukupwa sana, asubuhi, kabla upepo haujaamka. Bamvua, maji yanapojaa na kukupwa sana, hutibua maji. Upepo wa kusi ukichachamaa, bakini nyumbani.

Hatua ya 2: Samaki. Mimi ni mtu wa pono: anasakwa sana, na mchana kutwa yuko wazi anakwangua mawe. Chewa mwacheni, huyo hujibanza tu pangoni. Mpimeni na samaki kipepeo, ambaye wavuvi wa mkuki hawana haja naye. Kipepeo naye akiwakimbia kutoka mbali, basi mkuki si sababu pekee. Huenda ni nyinyi mnavyopiga mapezi.

Hatua ya 3: Kupima. Hapa ndipo kazi ilipo. Msikadirie kwa macho! Ukivaa miwani majini, kitu huonekana kimesogea kwa kama robo ya umbali wake: samaki wa mita 4 utaapa yuko mita 3. Tumieni chubwi (vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi) mbili ndogo zilizofungwa utepe mwekundu. Ogelea kimo kimoja na samaki, mwendo uleule kila mara, ukianzia umbali uleule, maana ukianzia mbali zaidi naye huwahi kukimbia. Akichomoka, angusha chubwi ya kwanza hapo ulipo. Ya pili iangushe pale alipokuwa. Pima kati yake kwa futi ya kamba. Angusha kwenye mchanga au mwamba mfu, kamwe si juu ya matumbawe hai.

Kugeuza kichwa si kukimbia. Kundi likitawanyika, hesabu samaki mmoja tu. Ukishampima mmoja usimrudie, hama kabisa. Kadiria urefu wake, kwani wakubwa huwa waoga zaidi. Andika pia shimo la karibu liko umbali gani: palipovunjwavunjwa na baruti za wavuvi maficho ni machache, na hilo pekee linaweza kubadili namba zako.

Mashine ya boti izimwe mapema, au nendeni kwa ngalawa, ndivyo nipendavyo. Utafiti uliofanyika Australia na kutolewa 2016 ulionyesha kelele za boti zikiwafanya samaki wadogo wa miambani waliwe na adui zao zaidi ya maradufu, kwa kuwa walichelewa kushtuka. Kumbe kelele haimtii samaki woga tu, humpumbaza pia.

Hatua ya 4: Kuandika. Ubao wa plastiki na penseli. Mwenzako abaki nyuma akiandika.

Hatua ya 5: Kulinganisha. Pono na pono, urefu na urefu. Halafu tazameni matumbawe yenyewe. Baada ya joto la 2016 kupausha matumbawe, yaani kuyapotezea rangi na kuyadhoofisha, katika sehemu za bahari ya Hindi na Pasifiki, ugomvi wa vipepeo ulipungua kwa kama theluthi mbili, huenda kwa kuwa chakula chao kilikuwa kimepungua na nguvu za kupigana zilikuwa chache. Kwa hiyo kwenye mwamba uliopauka, namba za kipepeo zisitumike kumhukumu mvuvi.