Stata ya gari ikizunguka kwa uchovu, pima ethi (waya unaotoka hasi ya betri hadi kwenye injini) kabla ya kununua betri

Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti 20 za DC. Ncha moja iguse kichwa cha hasi cha betri chenyewe, si tamino iliyokibana. Nyingine iguse chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi wala kutu. Gia iwe huru, mikono mbali na mikanda, kisha mwenzako apige stata. Soma wakati stata inazunguka: ikizidi volti 0.5, ethi ni mbovu. Stata huvuta zaidi ya ampea 100, kwa hiyo hata ukinzani wa omu 0.01 unameza volti 1 nzima, na waya unaoonekana mzima kwa macho ndio unaodanganya wengi. Fungua tamino ya hasi na bolti ya waya wa ethi kwenye injini, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake vaselini juu. Pima tena. Bado iko juu? Badilisha waya. Kipimo hiki hakifai kama stata haizunguki kabisa: umeme usipopita, multimita inaweza kusoma karibu sifuri hata ethi ikiwa imeoza, hivyo chaji betri kwanza.