Gari halitaki kuwaka asubuhi ya baridi: pima kabla hujanunua betri

Juzi saa kumi na moja alfajiri mama mmoja mfanyabiashara wa viazi alinipigia simu hapa Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda. "Fundi, gari linalia tik-tik-tik tu, na mzigo wa watu umo ndani." Nikamuuliza, "Mama, si umeweka betri mpya Jumatatu?" "Ndiyo hiyo hiyo, mwanangu." Pesa ya betri nzima ilikuwa imeteketea kwa tatizo ambalo halikuwa la betri. Ninaandika haya ili mwingine asipate hasara kama yake.

Kabale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Kwa betri nzima hiyo si baridi ya kuiua. Ila dawa ndani ya betri hufanya kazi polepole, oili ya injini inakuwa nzito, na stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, inadai umeme mwingi zaidi. Gari lililokuwa likiwaka vizuri Kampala, likilala hapa usiku mmoja, linaonyesha ugonjwa liliotoka nao huko. Joto ndilo linalozeesha betri. Baridi inakuja kutoa majibu.

Hatua ya 1: Pima asubuhi, kabla ya kugusa swichi. Tafuta mita ya namba ya kupimia volti. Ile taa ndogo ya kupimia siipendi kabisa kwa kazi hii, kwa sababu inawaka vizuri hata betri ikiwa nusu. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. 12.4 ni kama robo tatu. 12.2 ni nusu, na kwa baridi yetu hapo utaanza kuhangaika. 12.0 ichajiwe leo leo. Kisha mtu apige stata wewe ukiangalia mita: kama ilisoma 12.6 halafu ikaanguka chini ya 9, betri imechoka. Gari likiwaka, unataka kuona kati ya 13.8 na 14.5, pungufu ya hapo, ikaguliwe alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka.

Hatua ya 2: Safisha vichwa vya betri, pale waya zinapofungwa. Fungua hasi kwanza, chanya baadaye. Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye soda ya kuokea, usugue kwa brashi ya waya, ukaushe, ufunge, upake grisi juu. Wanaomwagia soda ya kunywa naomba waache. Uchafu unatoka, ndiyo, lakini sukari inabaki na kunasa vumbi.

Hatua ya 3: Waya wa ethi. Hapa tafadhali usikimbie.

Ule waya mweusi unaotoka hasi kwenda kwenye bodi na injini ndio njia ya umeme wote wa stata kurudi kwenye betri. Nje unaonekana mzima. Ndani ya mpira, karibu na kibano kinachoshika kichwa cha betri, shaba inageuka unga wa kijani, na nyuzi zilizobaki nzima ni chache. Taa zinawaka, redio inaimba, honi inalia, kwa sababu hivyo vinataka umeme kidogo. Stata inataka ampea mia na zaidi, na hapo waya unashindwa. Miaka iliyopita gari langu mwenyewe lilinisumbua hivi kutoka asubuhi hadi jioni. Nilifungua stata, nikabadilisha brashi zake, nikairudisha, na ikalia tik vilevile. Nilipata jibu niliposhika ule waya baada ya kujaribu mara kadhaa: ulikuwa wa moto.

Usisubiri kuunguzwa vidole. Weka mita kwenye volti. Ncha moja iguse kichwa chenyewe cha hasi, ile risasi, si kibano. Ncha nyingine iguse chuma kitupu cha injini, pasipo rangi wala mafuta. Mtu apige stata. Ikisoma chini ya 0.3 uko salama. Ikifika 0.5 tafuta penye kasoro. Kwa yule mama ilisoma 1.9. Kama stata haikupigwa mita itakuonyesha sifuri na utadanganyika, kwa hiyo lazima iwe inapigwa wakati huohuo. Rudia kati ya kichwa na kibano, kisha kati ya hasi na bodi, mpaka upate kipande kinachokula volti. Halafu fanya upande wa chanya, kutoka kwenye betri hadi kwenye stata.

Ukiupata, badilisha waya mzima, mnene kama wa kwanza au zaidi. Kukata ncha na kufunga kibano kipya kutakufaa wiki mbili tu, maana unga wa kijani unaingia mbali ndani. Kwaruza rangi pale unapofungwa kwenye bodi. Gari la mama liliwaka mara ya kwanza, na nilipoijaribu ile betri yake ya zamani nayo ikaliwasha.

Hatua ya 4: Maji. Kwa betri zenye vifuniko tu. Maji yaliyosafishwa, yafunike sahani za risasi zilizo ndani. Usiongeze asidi, wala maji ya mvua. Dukani hakikisha umepewa maji, maana chupa za asidi hufanana nayo.

Hatua ya 5: Chaji polepole. Betri ya ampea-saa 60 ichajiwe kwa ampea 6, usiku kucha, mahali penye hewa, pasipo moto wala sigara. Safari fupi za mjini hazijazi betri iliyokwisha.

Ukikwama njiani na unatumia jampa, zile waya za kuazima umeme wa gari jingine: chanya kwa chanya, kisha hasi ya gari zima, lile lenye betri nzuri, kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, kwa sababu betri hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Liache gari zima lingurume dakika tano, ndipo upige stata, si zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Likiwaka, toa waya kwa kuanzia na ule uliofunga mwisho.