Kuchagua ekzosi mpya kwa pikapu ya zamani
Kabla hujawaendea mafundi wa vyuma wa Katwe, jijini Kampala, ingia chini ya pikapu na uligongegonge bomba la moshi kwa bisibisi. Palipoliwa na kutu ncha itadidimia, nawe utajua kama ni sailensa pekee iliyokufa au mfumo mzima. Kwa Hilux ya dizeli ya lita 2.4 isiyo na tabo (kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi), bomba la inchi 2 hadi 2.25 linatosha, kwani lililo pana kupita kiasi huongeza kelele tu. Injini yenye tabo ndiyo hufaidika na upana zaidi. Kagua kila kona, kwa maana iliyokunjamana huziba njia ya moshi. Usikubali kamwe maungio yanayovuja: moshi huo una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, nayo huua.