Umealikwa harusi Uholanzi? Soma kadi vizuri kwanza

Jamani mlioko Uholanzi au mnaokuja huku kwa ajili ya harusi, kadi ya mwaliko isomeni taratibu maana huku wageni wamegawanywa, kuna daggast, huyo yupo kuanzia kufunga ndoa, keki mpaka msosi wa jioni, na kuna avondgast anayekuja kwenye pati tu, mara nyingi kuanzia saa mbili usiku hivi mpaka saa sita. Ukiwa avondgast kula kabisa kabla hujatoka nyumbani, usisubiri pilau, utapata vinywaji na vitafunwa kama bitterballen basi. Na usijisikie vibaya, sio kwamba umedharauliwa, ndo utaratibu wao, wafanyakazi wenzao na majirani wengi wanaalikwa hivyohivyo.

Kama kadi ina jina lako tu nenda mwenyewe, usibebe binamu wala watoto, sahani zimehesabiwa. Na muda ulioandikwa ndo muda kweli.

Ukiona kamchoro ka bahasha kwenye kadi maana yake wanapendelea hela, weka kwenye bahasha na uandike jina lako. Ukifika unapanga foleni kuwapongeza maharusi, sema gefeliciteerd, halafu wazazi wao nao unawapongeza vilevile (hili mi nalipenda sana, linanikumbusha nyumbani). Ukitaka kuimba au kusema neno mtafute ceremoniemeester siku kadhaa kabla, yeye ndo anapanga ratiba, usije ukashika maiki tu.